Nilivyotengeneza pala la pizza kwa mbao za mwembe

Shemeji yangu alifanya kazi miaka mingi kwenye jikoni za Waitaliano hapa Malindi. Walianza kuja huku na mradi wao wa anga wa San Marco kule Ngomeni, miaka ya 1960, na anayepika kwao huokota lugha pamoja na mapishi. Basi alipojenga tanuri la kuni uani kwake, hakuniomba ubao wala mwiko. Alisema, "Shemeji, nitengenezee pala." Ni lile bapa la mbao lenye mpini mrefu, la kutelezeshea pizza mbichi ndani ya tanuri. Wakati huo alikuwa akitumia sinia kuukuu, na pizza zilikuwa zikijikunja mlangoni na kumwaga jibini kwenye makaa.

Nina karakana ndogo nyuma ya nyumba: benchi, misumeno, randa ya mkono, kekee na jiriwa nne. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilichukua miezi mitano kupata pala ambalo moyo wangu uliridhika nalo.

Kwanza mti. Mwarobaini, tunaouita pia mkilifi, umejaa na wachonga vinyago wanaupenda, lakini unga wake ni mchungu hadi kooni, nami sikutaka donge la mkate lilalie uchungu ule. Mvule bei yake iko juu, na vumbi lake linanibana kifua. Nikachagua mwembe. Pwani yetu ina miembe mingi ya ngowe na boribo, na mti ukizeeka ukaacha kuzaa, mwenyewe huukata. Mbao zake hazina harufu, si nzito mkononi, na bei yake naimudu.

Pala la kwanza nililikata kwenye ubao mmoja mpana wa sentimita 36. Lilipendeza. Nikalipaka mafuta ya nazi upande wa juu tu, kwa kuwa ndio unaogusa chakula. Baada ya wiki mbili lilikuwa limebinuka kama kigae cha paa, na likiwekwa chini linayumba. Makosa yalikuwa mawili. Ubao mpana uliopasuliwa karibu na ganda la gogo hutanuka na kusinyaa sana kwa upande wa mapana, na duru za mti huuvuta upinde. Halafu, upande uliopakwa mafuta na ule mkavu havinyonyi wala kutoa unyevu kwa mwendo mmoja.

La pili lilikuwa limenyooka vizuri, ila asubuhi moja nilikuta chini yake unga laini kama poda, na kwenye mpini vijitundu vidogo mfano wa tundu la sindano. Wadudu wanaobungua mbao wanaupenda mno mwembe. Seremala wa vitanda angepaka dawa na kuendelea na kazi. Mimi nisingeweza kupaka sumu kwenye chombo cha chakula.

Jibu nililipata kwenye pale za mizigo, yale majukwaa ya kupangia shehena. Zile za mbao zinazovuka mipaka hupigwa muhuri, na zenye herufi HT zimetibiwa kwa joto: katikati ya mbao hufikishwa nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, ili wadudu wafe. Basi joto ninalo kwa shemeji! Asubuhi inayofuata usiku wa kupika, tanuri likiwa limepoa kiasi cha mkono kuvumilia, niliingiza mbao zangu pamoja na kipande cha unene uleule, nilichokitoboa na kuchomeka kipimajoto cha nyama hadi katikati. Kilipofika 60 nilihesabu saa nzima. Tangu hapo sijaona unga wala tundu.

Kisha nilizilaza kivulini, vijiti vikizitenganisha ili hewa ipite, na kila Ijumaa nikazipima kwenye mizani ya jikoni. Ubao ambao bado unapungua uzito bado una maji. Wiki tatu mfululizo uzito uliposimama palepale, nikaanza kukata.

Pala la tatu nililiunga kwa vipande vitatu vya sentimita 12 kila kimoja. Cha katikati kina urefu wa sentimita 130, kwa hiyo uso na mpini ni ubao mmoja na hakuna kiungo cha kuvunjika. Vya pembeni vina sentimita 40 tu. Niliwageuza majirani: duru za kimoja zikitazama juu, za mwenzake zinatazama chini, kila kimoja kikimzuia mwenziwe asibinuke. Gundi ni ile isiyoyeyuka kwa maji, jiriwa zikabana hadi kesho yake.

Kazi yenyewe iko kwenye ukingo wa mbele. Hapo nilisimama na randa siku mbili na sijutii hata saa moja. Uso una unene wa milimita 15. Zikibaki sentimita 14 kufika mbele nilianza kuuteremsha polepole upande wa juu, hadi milimita 3 ukingoni. Niliwahi kuteremsha kipande cha majaribio hadi milimita 1, kikamegeka siku hiyohiyo. Ukiacha 6, pizza inaanguka badala ya kuteleza.

Nilipiga msasa namba 80, 120, kisha 180. Halafu nikaupangusa uso kwa kitambaa chenye maji, nyuzi zikasimama, ukakauka, nikapiga 220. Nilirudia mara mbili. Usipofanya hivyo, tone la kwanza la mchuzi wa nyanya litaziinua nyuzi hizo na uso utakwaruza.

Safari hii mafuta ya nazi yalipakwa pande zote mbili, membamba, na ya ziada nikayafuta. Nta ya nyuki niliinunua kwa wafugaji wa pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, nikaipaka mpini peke yake. Nilipoijaribu usoni, unga uliganda mabonge na pizza ikang'ang'ania.

Shemeji hunyunyiza unga wa mahindi kidogo, analaza pizza, na kabla ya kwenda tanurini analitikisa pala mara moja. Ikigoma kusogea, anainua upande mmoja na kuongeza unga. Hailazi pale dakika nyingi, maana mbao hunywa maji ya donge na hapo hushikana. Kulisafisha ni kukwangua na kupangusa tu, kamwe halilowekwi.

Limetimiza mwaka mmoja na nusu sasa. Ukingo umepata weusi wa moto upande wa kushoto, anakosukumia makaa ingawa nimemkataza. Mwezi ujao nitaurudia kwa randa, milimita chache tu, na mbao za mapala mawili mengine ziko kivulini, bado zinapungua uzito.