Kuzungumza na seva ya barua pepe kwa mkono

Usiku wa kuamkia leo nimekesha hadi saa nane nikitafuta sababu ya skripti yetu ya kutuma ankara kukataliwa na seva ya barua pepe, ilhali nenosiri lilikuwa sahihi. Niliiweka skripti kando, nikaungana na seva mwenyewe kupitia poti 587 kwa amri ya openssl s_client -starttls smtp -crlf, inayofungua muunganisho uliosimbwa na kuniwezesha kuiandikia seva amri kwa mkono. Seva iliitikia EHLO (salamu ya kuanza) vizuri na kuitaja AUTH LOGIN (njia ya kuingia kwa jina na nenosiri), lakini kila nilipoipa nenosiri katika base64 (namna ya kuandika data kwa herufi za kawaida) ilinirudishia 535, yaani limekataliwa.

Chanzo kilikuwa echo, amri ya kuchapisha maandishi tuliyoitumia kuandaa base64, ambayo huongeza alama ya mstari mpya mwishoni, nayo ikageuzwa pamoja na nenosiri. Neno "siri" likipitishwa kwa echo hutoa c2lyaQo=, ilhali kwa printf, amri isiyoongeza alama hiyo, hutoa c2lyaQ==; tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyotusumbua siku mbili. Nilipotumia printf, seva ilijibu 235, yaani nimekubaliwa. (Tafadhali msibandike nenosiri lililogeuzwa kuwa base64 kwenye makundi mnapoomba msaada, kwa kuwa base64 si usimbaji wa siri na yeyote anaweza kulifungua.)

Baada ya MAIL FROM (anwani ya mtumaji) niliandika RCPT TO (anwani ya mpokeaji), na badala ya jibu la seva likatokea neno RENEGOTIATING, kwa sababu openssl huichukua herufi kubwa R inayoanza mstari kama amri yake yenyewe. Nilirudia kwa herufi ndogo, rcpt to, nikapata 250, yaani sawa, na alfajiri ankara zote zilikuwa zimeondoka.