Mpelelezi Aliyekosekana Toronto

Kwa muda sasa ninaandika riwaya ambayo mhusika wake mkuu ni mpelelezi wa kujitegemea, mwanamume anayependa wanaume wenzake, anayemsaka muuaji wa mfululizo. Wapo walioniuliza kwa nini nimemfanya shoga, kana kwamba hilo ni pambo linaloweza kuondolewa na hadithi ikabaki vilevile. Jibu langu liko Toronto, nchini Kanada, katika kesi ya Bruce McArthur.

Kati ya mwaka 2010 na 2017, McArthur, aliyekuwa mtunza bustani, aliwaua wanaume wanane, wengi wao wakiwa wahamiaji kutoka Asia Kusini na Mashariki ya Kati waliokuwa wakionekana katika mtaa wa Church na Wellesley, kitovu cha maisha ya wapenzi wa jinsia moja mjini humo. Skandaraj Navaratnam, Mtamil kutoka Sri Lanka, alitoweka Septemba 2010, na baada yake wakatoweka wawili wenye asili ya Afghanistan. Polisi waliunda kikosi maalumu Novemba 2012 na kukivunja Aprili 2014 bila kumshtaki yeyote kwa kutoweka kwao, ingawa McArthur mwenyewe alihojiwa mwaka 2013 kama shahidi. Mwaka 2016 mwanamume mmoja aliripoti kwamba McArthur alimkaba koo ndani ya gari lake. Akakamatwa, akahojiwa, akaachiwa.

Kinachoniumiza zaidi ni ukimya uliowazunguka baadhi ya waliouawa. Kuna waliokuwa na wake na watoto wasiojua upande huo wa maisha yao. Mmoja alifika Kanada mwaka 2010 kwa meli ya MV Sun Sea, pamoja na Watamil wenzake karibu 500 waliokuwa wakiomba hifadhi. Ombi lake lilikataliwa, na alipopotea hakuna aliyepeleka taarifa polisi, kwa sababu mtu anayekwepa kurudishwa kwao hutarajiwa kujificha. Nani angesimama mbele ya kaunta ya kituo cha polisi na kueleza kwamba alikutana na marehemu kwa siri, huku akijua kwamba swali linalofuata litakuwa juu yake mwenyewe, juu ya vibali vyake, au juu ya mkewe? Mpelelezi wangu anaijua hofu hiyo kwa kuwa ameishi nayo, na ndiyo maana watu humwambia yale wasiyoweza kuyaandikisha popote.

Mambo yalibadilika Juni 2017, alipotoweka Andrew Kinsman, mtu aliyefahamika sana katika jamii yake. Rafiki zake walijua kwamba hangemwacha paka wake bila mtu wa kumtunza, kwa hiyo hawakungoja: walibandika picha zake mitaani na kuingia wenyewe kwenye mabonde na bustani kumtafuta. Katika kalenda yake, kwenye tarehe 26 ya mwezi huo, siku aliyotoweka, palikuwa na jina moja tu, Bruce. Kamera iliyokuwa karibu na nyumba yake ilinasa gari jekundu aina ya Dodge Caravan, na orodha ya usajili wa magari ikawaelekeza wapelelezi kwa mtu wao. Hata hivyo, Desemba 2017 mkuu wa polisi, Mark Saunders, alisema ushahidi hauonyeshi kwamba kuna muuaji wa mfululizo. McArthur alikamatwa tarehe 18 Januari 2018, na mabaki ya wengi wa waliouawa yakapatikana ndani ya vyungu vikubwa vya maua kwenye nyumba aliyokuwa akihifadhi vifaa vyake vya kazi. Mwaka 2019 alikiri makosa yote manane, akahukumiwa kifungo cha maisha.

Ripoti huru ya jaji Gloria Epstein, iliyotoka mwaka 2021 ikiwa na mapendekezo 151, ililaumu vikali namna polisi walivyoshughulikia kesi za waliopotea.

Sitaki, hata hivyo, kumpa mhusika wangu uwezo asio nao mpelelezi wa kujitegemea. Hawezi kufungua orodha ya usajili wa magari wala kupekua nyumba ya mtu. Anaweza kupata jina, tarehe na maelezo ya mtu aliyenusurika, kisha lazima avipeleke kwa askari ambaye mashahidi wake hawamwamini, bila kuwasaliti. Sura ninayoiandika sasa ni ya mazungumzo hayo, na nimeipa nafasi kubwa kuliko sura ya kukamatwa kwa muuaji.