Jinsi nilivyoizuia tiramisu ya limau isikatike

Tiramisu ni kitindamlo cha matabaka ya biskuti na krimu. Ile ya asili, ya Treviso kaskazini mwa Italia, biskuti zake huchovywa kwenye kahawa. Mimi nilitaka ya limau, kwa kuwa mama hanywi kahawa. Mara mbili ilinishinda: krimu ilikatika ikawa chengachenga, na biskuti za savoiardi zikalainika kama uji.

Kosa lilikuwa kumimina maji ya limau moja kwa moja kwenye mascarpone, jibini laini ya kutengenezea krimu hiyo. Jibini hiyo yenyewe hutengenezwa kwa kugandisha krimu kwa asidi. Ukiiongezea asidi nyingine kisha ukaipiga sana, mafuta na maji huachana. Sasa kwenye krimu natia ganda la njano tu, lililokunwa na kufikichwa na sukari mpaka jiko zima linukie (lile jeupe la ndani liache, ni chungu). Gramu 250 za mascarpone baridi nazilainisha kwa mwiko, kisha nachanganya taratibu na mililita 200 za krimu iliyopigwa.

Maji ya limau huenda kwenye shira iliyopoa. Biskuti naichovya sekunde moja kila upande, siilazi humo. Halafu friji usiku kucha. Asubuhi kipande kilisimama wima kwenye sahani, na mama akaomba cha pili.