Mashine ya Pumzi Katika Nyumba za Lamu

Wagonjwa wa kukatika pumzi usingizini ninaowatembelea hapa Lamu huwa wamekwisha kupimwa Mombasa au Nairobi na kununua mashine kwa fedha nyingi, na jamaa zao hudhani kazi imekwisha. Kwa maoni yangu ndiyo kwanza inaanza. Mashine hii, ambayo Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1981, haiponyi ugonjwa, bali husukuma hewa kupitia barakoa inayovaliwa usoni ili koo lisizibe. Ikivuliwa, pumzi hukatika kama zamani.

Anayeiacha kwa kawaida huiacha mapema. Jamaa humtisha kwa shinikizo la damu na kiharusi, naye huitikia kwa adabu, kisha usiku akaivua. Mimi huona afadhali aulizwe ni kitu gani hasa kinachomkera, kwa sababu mara nyingi ni jambo dogo lenye dawa. Bibi mmoja wa Langoni alilalamika kwamba hewa humpiga machoni usiku kucha. Nilipomwomba avae barakoa mbele yangu, niliona uso wake uking'aa mafuta ya nazi, na ule mpira wa barakoa ukiteleza kila alipogeuza shingo.

“Mwanangu, nisipojipaka mafuta nitalalaje?” aliniuliza.

Tulikubaliana kwamba mafuta yaishie mikononi na miguuni, na uso uoshwe kwa sabuni kabla ya kulala. Kwa wazee wenye ndevu nyingi sithubutu kutaja wembe. Wao hujaribishiwa barakoa ndogo inayokaa kwenye matundu ya pua tu, maadamu pua haijaziba. Anayehisi kubanwa roho huanza kuivaa mchana akiwa macho, ameketi na wajukuu, na mashine huwekwa ianze kwa msukumo mdogo unaopanda polepole.

Maji ya chombo cha mashine kinachotia hewa unyevu yawe yaliyotoneshwa, yaani ya mvuke uliopozwa, kwani maji ya visima vyetu yana chumvi na huacha utando mweupe. Mpira unaoleta hewa kutoka kwenye mashine upitishwe juu ya kichwa cha kitanda, ndani ya chandarua, usije ukavutwa mtu akigeuka.

Jambo linalonisumbua zaidi ni usingizi wa baada ya alfajiri. Huko Marekani, kipimo cha bima kinachotumika sana kujua kama mgonjwa anaitumia mashine ni kuivaa kwa muda wa saa 4 au zaidi kila usiku, katika asilimia 70 ya siku za mwezi mmoja, na mgonjwa wangu anayelala mapema huweza kukifikia kabla ya adhana. Huivua, huenda kuswali, hurudi kulala bila mashine, na anaona amekwisha kutimiza wajibu wake. Kumbe usingizi wa ndoto huongezeka kuelekea asubuhi, na ndio unaolegeza misuli ya koo kuliko mwingine, hata kwa wengi pumzi hukatika zaidi wakati huo. Vivyo hivyo kwa anayelala baada ya daku katika Ramadhani, na kwa usingizi wa adhuhuri baada ya wali. Kwa hiyo huwaomba wasiirudishe mashine kabatini wakati wa swala, bali waiache mezani kando ya kitanda na barakoa juu yake, na wenzao nyumbani wawakumbushe kuivaa kabla hawajajinyoosha.