Nani amelala?

Jumamosi hii nimejikuta nawafokea watoto kwa kunong'ona. Mdogo aliangusha kifuniko cha sufuria jikoni, kikazunguka sakafuni weee, hakitaki kutulia, nami nikatoka chumbani mbio, kidole mdomoni: "Nyamazeni! Mnataka kumwamsha nani?" Mkubwa akanitazama. "Kwani nani amelala?"

Hakuna aliyelala. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua la Mbeya limeshapanda, baba yao yuko kazini. Niliyekuwa namlinda ni baba yangu mzazi, na usingizi wenyewe ni wa miaka zaidi ya thelathini iliyopita, kwenye kota za mgodi wa makaa ya mawe.

Tulikulia Kiwira. Siyo ile Kiwira ya barabarani unayoipita ukielekea Tukuyu, penye ndizi na viazi. Watu wakisikia jina huishia hapo. Nasema Kiwira ya mgodini, upande wa Ileje unaotazamana na Kyela. Enzi zetu pale palikuwa Mkoa wa Mbeya. Tangu 2016 ramani inasema Songwe, na mimi nimeshachoka kusahihishwa. Mgodi ulijengwa kwa msaada wa China, ukaanza kazi 1988, na baba alikuwamo katika waliofika mapema. Hakuwa mgeni wa Wachina wala wa giza. Ujana wake aliuacha kwenye mahandaki ya reli ya TAZARA, iliyojengwa na Wachina, ile sehemu ya milima kati ya Mlimba na Makambako, na huko ndiko alikojifunza kuligonga jabali na kulisikiliza linavyojibu kabla ya kupitisha kichwa chini yake. Likijibu kwa sauti kali na safi, kama kengele, pita. Likilia kama debe tupu, rudi nyuma. Tulipopewa kota mpya, mama anasimulia, mtu wa kwanza kuingia alikuwa baba, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua mpini wa jembe na kugonga dari ya kila chumba. Mama alisimama nje na godoro kichwani akisubiri ripoti.

Mgodi ulikuwa na mtambo wake wa umeme, megawati 6, uliokula makaa yaleyale yaliyochimbwa pale. Kwa hiyo sisi tulikuwa na balbu wakati kwa bibi, Rungwe, bado ni koroboi, na tuliringa nazo kupita kiasi. Makaa mengine malori yaliyachukua kwenda kiwanda cha saruji Songwe, mengine yakaenda mbali zaidi, kiwanda cha karatasi Mgololo kule Mufindi. Hili la Mgololo mama alilitumia sawasawa. Ukichana ukurasa wa daftari ili utengeneze ndege, utasikia, "Hiyo karatasi baba yako kaichimba." Mpaka darasa la tatu nilikuwa najua karatasi inachimbwa.

Zamu zilikuwa tatu, ila nyumbani kwetu tulihesabu moja tu: ya usiku. Baba alitoka tukiwa kitandani, akarudi tunatafuta viatu vya shule. Alikuwa ameshaoga kulekule, lakini vumbi la makaa lilikataa kutoka kwenye kope, kwa hiyo alirudi kila siku kama bibi harusi aliyepakwa wanja. Suruali yake ya kazi ilikuwa na vitobo vidogovidogo upande mmoja tu, kiunoni, pale betri ya taa ya kofia iliponing'inia na kumdondoshea tindikali. Mama aliziba vitobo kwa vitambaa vya rangi yoyote aliyoipata. Kuna suruali moja ilikuwa na viraka vya kanga yenye korosho, na baba aliivaa chini ya ardhi bila wasiwasi wowote. Nani atamwona?

Kwa Kinyakyusa asubuhi tunasalimiana "Mugonile", yaani mmelala? Jirani akimpigia baba salamu hiyo saa moja asubuhi, baba alisimama kidogo kama mtu aliyeulizwa deni. Hajalala. Ndiyo kwanza anakwenda kulala.

Hapo sasa ndipo sheria ya mama ilipoanza. Wakati wa shule haikutusumbua, lakini likizo! Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana nyumba nzima ilinong'ona. Milango ilifungwa kwa mikono miwili, mmoja kwenye kitasa, mwingine kwenye ubao, ili komeo lisilie. Vijiko tulivyoosha tulivipanga juu ya kitambaa. Jogoo wetu alihamishiwa kwa jirani mwenye zamu ya mchana, na nadhani alichinjwa huko, maana hakurudi. Tukawa na lugha yetu ya vidole: viwili mdomoni ni njaa, kimoja shingoni ni mama anakuja, kiganja kifuani ni "siyo mimi, ni yeye." Mdogo wangu mpaka leo akisimulia kitu mikono haitulii, na mke wake anadhani ni tabia ya Kinyakyusa.

Michezo nayo ilibidi iwe ya kimya. Baba alikuwa akituletea vipande vya lile jiwe jeusi linalolala juu na chini ya makaa, jiwe linalopasuka kwa matabaka kama chapati. Ukibahatika, ukilipasua unakuta alama ya jani, mshipa wa katikati na vishipa vyake vyote, limelala pale kana kwamba lilidondoka juzi. Miamba ile ni ya Karoo, kundi la miamba ya kale sana, ina zaidi ya miaka milioni 250, lakini hilo nilikuja kuambiwa sekondari. Sisi tulikuwa na boksi la viatu limejaa majani ya mawe, tukiyapanga chini ya kitanda: haya marefu, haya mafupi, haya ya ugomvi. Saa nzima mtu hakohoi.

Kilichotuokoa ni mvua. Asiyejua mvua ya ule ukanda, kuanzia Tukuyu mpaka Kyela, sina namna ya kumweleza. Machi na Aprili haikuwa inanyesha, ilikuwa inamwagwa. Na kota zilikuwa za bati. Tone la kwanza likigonga tulitazamana. La pili, la kumi, halafu bati zima linanguruma, na hapo sheria inakufa. Unaweza kusimama katikati ya sebule ukapiga ukelele mpaka koo liume, na mama aliye hatua tatu asikusikie. Tuliimba. Tuligombana kwa sauti ugomvi wote wa wiki nzima tuliokuwa tumeuweka akiba. Mvua ikikatika ghafla, kama ilivyo kawaida yake, unamkuta mtu kanaswa katikati ya neno, kwa sauti ya juu kabisa, na nyumba nzima inamgeukia. Mdogo wangu aliwahi kunaswa hivyo kwenye neno ambalo sitaliandika hapa. Alilipia.

Siku moja ya likizo, mama akiwa kwenye gulio kutafuta usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, mimi na mdogo wangu tuliamua kupika chai kwa makaa ya mawe. Mkaa wa kawaida ulikuwa umeisha, na makaa ya mawe yalikuwa yamezagaa njiani yalikodondoka kwenye malori. Kama yanawasha balbu zote hizi, yatashindwa na birika? Tukajaza jiko, tukamimina mafuta ya taa, tukafunga mlango wa jikoni ili vishindo visimfikie baba. Yalikataa kuwaka, yakakataa, halafu yakakubali kwa namna yao: moshi mzito wa rangi ya njano iliyochafuka, harufu kama mtu amechoma pakiti nzima ya viberiti kwa mpigo. Hatukukohoa. Ndugu zangu, tulikuwa tumefundishwa kutokohoa! Tulijiziba midomo kwa mikono, machozi yanatutiririka, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kwa vidole kwamba azime yeye.

Mlango ulifunguka na baba akaingia, lakini hakuingia kama watu wanavyoingia. Alikuja chini, karibu anatambaa, fulana yake ameiziba puani. Alinishika mguu, akamshika mwenzangu mguu, akatuvuta hadi uani kama magunia. Kisha akatugusa vichwa. "Mmoja. Wawili. Nani mwingine ndani?" Tukasema hakuna. Akauliza tena. Hakuna, baba. Akauliza mara ya tatu, ndipo akakaa chini kwenye matope na kaptula yake ya kulalia.

Hakutuchapa. Alipopumua vizuri alisema, "Moshi huu unaowachoma macho ni rafiki, unakufukuza. Kuna hewa nyingine inatoka humohumo kwenye moto, haina rangi, haina harufu. Hiyo haifukuzi mtu. Inambembeleza alale." Mama aliporudi ndiye aliyetuchapa, kwanza kwa sababu ya moto, halafu, kwa fimbo za peke yake, kwa sababu ya kumwamsha baba.

Nimekuwa nikijiuliza aliamkaje upesi namna ile, mtu aliyetoka kupiga zamu nzima, mlango umefungwa, na sisi hatujatoa hata chafya.

Sasa yuko Rungwe na miparachichi yake. Jumapili nilimpigia simu kumpa habari ya kile kifuniko, nikijua atacheka. Hakucheka. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Mwanangu, mimi mchana silali. Sijawahi kuweza."

"Hata kidogo?"

"Nalalaje, nyumba imejaa watu wananong'ona? Mtoto akinong'ona ujue kuna jambo. Nilikuwa nalala pale macho yametazama dari, nasikiliza mmefika wapi."

Nikamuuliza mbona hakusema, miaka yote ile, jogoo mzima kapotea.

"Mama yako alikuwa ameshapanga," akasema. Kisha nikamsikia anacheka. "Siku za mvua ndiyo nililala. Mlikuwa mnapiga makelele yenu, nawasikia wote."