Kisia kwanza, ndipo ubonyeze: siku moja maishani mwangu darasani

Saa 12:20 asubuhi

Wanafunzi hawajafika. Nafungua kila faili nitakayoitumia leo, kwenye kompyuta ileile nitakayoibeba darasani. Kipindi kikishaanza sitegemei intaneti. Mtandao ukisuasua dakika tano, mawazo ya darasa zima yameshahama, na kuyarudisha ni kazi kubwa kuliko somo lenyewe. Kwa hiyo programu ya uigaji, yaani inayoigiza jaribio kwenye skrini, nimeshaipakua, nakala ya pili imo kwenye flashi, na mchoro ulio muhimu kuliko yote nimejizoeza kuuchora kwa chaki.

Nafundisha fizikia. Kwenye andalio la somo, mbele ya kila kifaa, huandika swali moja: wataona nini hapa ambacho ubao hauwezi kuwaonyesha? Nikikosa jibu, kifaa kinabaki kabatini. Leo nimeziacha slaidi zenye jedwali la vipimo vya umeme. Jedwali mwanafunzi hulielewa zaidi akilichora mwenyewe daftarini.

Saa 1:15 asubuhi

Nafunga projekta, nalaza waya pembeni mwa ukuta asije mtu akajikwaa, naweka spika katikati ya chumba badala ya mbele. Kisha naketi dawati la nyuma kabisa na kusoma skrini kutoka pale. WCAG, miongozo ya kimataifa ya kurasa za wavuti, inataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1. Projekta kwenye chumba chenye mwanga wa jua hupunguza tofauti hiyo sana. Ndiyo maana naandika kwa rangi nyeusi juu ya nyeupe, kwa herufi kubwa, na maneno machache. Mwanafunzi asiyeona vizuri nimemwekea mchoro uleule kwenye kishikwambi, auvute karibu apendavyo.

Mwisho nazima taarifa za ujumbe. Mambo yangu ya binafsi hayana nafasi kwenye ukuta wa darasa.

Saa 2:00 asubuhi

Somo ni saketi, yaani mzunguko wa umeme. Nachora ubaoni betri moja, balbu moja, na alama mbili kwenye waya: A kabla ya balbu, B baada yake. Nauliza mkondo wa umeme ni mkubwa wapi. A? B? Au ni sawasawa? Bado hakuna kilichowashwa.

Kila mwanafunzi ana kadi ya karatasi yenye alama nyeusi mfano wa msimbo wa QR. Akiigeuza upande mmoja juu anajibu A, upande mwingine B, na kadhalika. Napitisha kamera ya simu yangu juu ya darasa, na programu iitwayo Plickers inasoma kadi zote. Wanafunzi hawahitaji simu, wala hakuna anayeona jibu la jirani yake, kwa kuwa kila kadi ina alama yake. Naipenda kwa sababu ya wale wakimya. Nikiuliza kwa kunyoosha mikono, nasikia watano walewale kila siku. Kadi zinanipa sauti ya kila mmoja.

Wengi wanachagua A. Wanaamini balbu "inakula" sehemu ya mkondo, na kinachotoka upande wa pili ni mabaki. Walimu wa fizikia popote wanalifahamu kosa hili, na lina mantiki yake: betri si huisha? Kitu fulani lazima kinatumika.

Siwaambii jibu. Nawapa dakika tatu kila mmoja amshawishi jirani yake, kisha tunapiga kura tena. Njia hii Eric Mazur, profesa wa fizikia, aliianza Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1991 na imeenea duniani kote: swali, jibu la peke yako, mjadala, jibu la pili. Chumba kinachangamka. Nazunguka nikisikiliza tu. Nyuma kule nasikia, "Kama mkondo unapungua, elektroni zinakwenda wapi? Zinajikusanya ndani ya balbu?" Swali hilo lina thamani kuliko slaidi zangu zote.

Sasa ndipo nafungua uigaji wa saketi wa PhET, mradi ulioanzishwa na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya yeye kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Ni wa bure, na unafanya kazi bila intaneti ukishaupakua. Mwanafunzi mmoja anakuja mbele, anaburuta betri, waya na balbu, anafunga saketi. Elektroni zinaanza kutembea, vidoto vya buluu, na mwendo wake ni uleule kabla ya balbu na baada yake.

Kimya kidogo, halafu mtu anasema, "Programu inadanganya."

Nafurahi kusikia hivyo. Anayekisia na kukosea huona kwamba kuna jambo la kueleza, ilhali aliyetazama tu huona picha nzuri na kusahau. Mazur na wenzake walilipima hili katika utafiti waliouchapisha mwaka 2004: wanafunzi walioona jaribio bila kukisia kwanza walielewa kwa kiasi kilichowazidi kidogo tu wale ambao hawakuliona kabisa, na waliotakiwa kukisia kabla ya kuona walielewa vizuri zaidi. Tangu niliposoma matokeo yale, skrini yangu hubaki imezimwa mpaka kila mtu awe na jibu lake.

Kwa kuwa programu imeshukiwa, tunaileta kwenye kesi. Natoa betri ya kweli, balbu ya kweli na amita, kifaa cha kupimia mkondo. Tunapima A, tunapima B. Kipimo ni kilekile. Kinachotolewa kwenye balbu ni nishati. Elektroni zenyewe zinaendelea na safari kurudi kwenye betri.

Wako wanaosema uigaji unamnyima mwanafunzi kushika vitu halisi. Nawaelewa, na ndiyo maana sipendi kuutumia peke yake. Ila utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kutoka chuo hichohicho cha Colorado ulilinganisha makundi mawili, moja likijifunza saketi kwa uigaji na jingine kwa vifaa vya kweli. Kundi la uigaji lilifanya vizuri zaidi kwenye maswali ya uelewa, na hata lilipopewa waya na balbu za kweli liunge saketi na kuieleza, lilikuwa mbele. Waya wa kweli hauonyeshi kinachopita ndani yake. Uigaji unaonyesha, na hapo swali langu la asubuhi linapata jibu.

Uigaji nao una uongo wake, na lazima nautaja. Elektroni hazina rangi ya buluu, wala hazikimbii vile. Katika waya wa kawaida wa shaba wenye mkondo wa kawaida, mwendo wao wa wastani kuelekea upande mmoja haufiki hata milimita moja kwa sekunde. "Sasa mbona taa inawaka papo hapo?" anauliza binti wa safu ya mbele. Kwa sababu waya umejaa elektroni tangu mwanzo, na zote huanza kusogea karibu kwa wakati mmoja. Kengele inalia tukiwa hapo.

Saa 3:30 asubuhi

Darasa la pili, somo lilelile. Hawa wamegawanyika karibu nusu kwa nusu kwenye kura ya kwanza, na mjadala wao umenoga hata nikauongezea muda. Uigaji nimeufungua dakika za mwisho tu.

Saa 4:30 asubuhi

Mapumziko. Mwalimu mwenzangu wa historia ananijia na video ya dakika ishirini na mbili. Anataka kuionyesha yote.

"Mwalimu, nini hasa unataka watoke nacho?"

Anataja mambo matatu. Basi tunaikata vipande vitatu, kila kimoja dakika nne hivi, na kati ya kipande na kipande tunaweka swali la kuandika. Utafiti wa mwaka 2014 uliochunguza mamilioni ya vipindi vya kutazama video kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, uligundua kwamba usikivu hushuka sana video inapozidi dakika sita. Wale walikuwa watu wazima waliojiandikisha kwa hiari yao. Sioni kwa nini kijana wa saa tano asubuhi avumilie zaidi yao.

Slaidi zake zina aya nzima, naye huzisoma kwa sauti neno kwa neno. Namshauri aache picha na maneno machache, mengine ayaseme. Mwanasaikolojia Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameonyesha kwa majaribio mengi kwamba sauti na maandishi yaleyale kwa pamoja juu ya picha humchosha msomaji, kwani macho yanagombewa na vitu viwili. Hapa naweka sharti langu: kama lugha ya video si lugha ya kwanza ya wanafunzi, au kuna asiyesikia vizuri, maandishi ya chini yabaki. Hao yanawabeba.

Saa 6:00 mchana

Saa ya vikundi, na sehemu ninayoipenda kuliko zote. Simu moja kwa kila kikundi, iliyofungwa kwenye kiegemeo isitikisike, rula ya mita moja ukutani, na mpira mdogo. Wanarekodi mpira ukidondoka.

Kabla ya kurekodi, kila kikundi kinakisia daftarini: katika kila sehemu ya kumi ya sekunde, mpira utashuka umbali gani? Wengi wanaandika umbali ulio sawa, au unaoongezeka kidogo kidogo bila utaratibu.

Kudondoka mita moja huchukua takriban sekunde 0.45. Simu inayorekodi picha 30 kwa sekunde itanasa kumi na tatu tu hivi. Ikirekodi 240 kwa sekunde, zinapatikana zaidi ya mia moja, na kila picha 24 ni sehemu ya kumi ya sekunde. Wanafungua faili kwenye VLC, programu ya kuchezea video, na kusonga picha moja moja kwa kubonyeza herufi E. Kuna mambo madogo yanayoamua matokeo: mwanga uwe mwingi, kwa kuwa kila picha inapata muda mfupi sana wa kupokea mwanga, rula iwe karibu na njia ya mpira, kamera iwe usawa wa katikati ya rula. Na simu yenyewe tunaikagua kwa kurekodi saa ya kupimia muda na kuhesabu picha, tuhakikishe inarekodi kasi inayodai.

Vipimo vyao vinakaribia sentimita 5, kisha 15, kisha 25, kisha 34. Nawaambia wagawanye kila namba kwa ile ya kwanza. Moja, tatu, tano, saba. Kikundi cha dirishani kimeruka kutoka kwenye viti.

Galileo aliuandika utaratibu huu katika kazi aliyoichapisha mwaka 1638. Mpira unaodondoka ulimshinda kwa kasi, hivyo akautuliza kwa kuuviringisha kwenye mteremko na kupima muda kwa maji yanayochuruzika. Vijana wangu wameupata kwa kitu kinachokaa mfukoni, na wameupata wenyewe. Ndiyo sababu nasisitiza anayeshika simu na anayeandika wabadilishane. Kikundi kikiachwa, mmoja hurekodi tangu mwanzo hadi mwisho na wengine wanageuka watazamaji. Sura za watu hazirekodiwi. Kamera inatazama rula na mpira.

Saa 8:00 mchana

Kikao kifupi kuhusu vifaa vipya. Kuna hamu ya kununua ubao wa kidijitali wa kugusa. Nimesema wazi kwamba naona tuanze na seva ndogo ya ndani. Kuna programu ya bure iitwayo Kolibri, ya shirika la Learning Equality, inayoweza kukaa hata kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo kama kadi. Inabeba video na mazoezi, na wanafunzi wanayafikia kwa mtandao wa ndani bila intaneti. Ubao mmoja unamhudumia mwalimu mmoja kwa wakati mmoja. Seva inahudumia madarasa kadhaa. Uamuzi haujafikiwa, na nitaendelea kulisemea.

Saa 9:30 alasiri

Narekodi maelezo ya sauti kwa ajili ya waliokosa kipindi. Dakika tatu za sauti ya njia moja kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni kama megabaiti moja na nusu. Video ya muda huohuo, hata ya kiwango cha chini cha megabiti moja kwa sekunde, inapita ishirini. Mzazi anayelipia data anaihisi tofauti hiyo. Pamoja na sauti natuma picha moja ya saketi, na swali la A na B linatangulia maelezo: "Simamisha hapa, andika jibu lako, ndipo uendelee."

Saa 2:00 usiku

Napitia kura za asubuhi. Siangalii sana waliopata na waliokosa. Nawatafuta waliokuwa sahihi kura ya kwanza wakahama kwenye ya pili, maana hao wameshawishiwa na mwenye sauti kubwa, na ni rahisi kuwasahau. Wapo wachache. Kesho nitaketi na kila mmoja wao kabla ya kipindi.

Somo lenyewe halijaisha. Kitu ambacho mtu hajajaribu kukikumbuka hupotea upesi. Majaribio ya wanasaikolojia Roediger na Karpicke ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka zaidi kuliko waliorudia kusoma. Kwa hiyo kipindi cha kesho kitaanza na kadi: balbu mbili zinazofanana, zimeungwa mfululizo, je, ya pili itafifia kuliko ya kwanza? Wakishapiga kura wote, nitawasha projekta.