Usitaje siku ya mazishi kabla ya kibali

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alifariki mwezi Januari mwaka jana, alfajiri, katika hospitali moja kusini mwa Uingereza. Kufika saa moja asubuhi simu ya nyumbani Marangu, Kilimanjaro, ilikuwa imeita mara tatu. Baba mkubwa hakuuliza amefaje. Aliuliza, "Mwanangu, mnamleta lini?"

Nikamjibu, "Jumamosi ijayo, Mungu akipenda."

Kwa neno langu hilo turubai zikakodiwa, ng'ombe akatafutwa, ndugu wa Dar wakakata tiketi za basi. Mimi sikuwa na karatasi hata moja mkononi. Kwetu Wachagga mtu hulazwa kihambani kwao, yaani kwenye shamba la ukoo, kwa hiyo swali la mzee lilikuwa la haki. Jibu langu ndilo lililokuwa kosa, na ndilo linalonifanya niandike haya kwa wenzangu mlio huku Uingereza.

England kila kitu huanza kwa cheti cha daktari cha sababu ya kifo. Tangu Septemba 2024, kifo kisichopelekwa kwa koroneri, yaani afisa anayechunguza vifo, lazima kipitiwe na daktari wa pili ambaye hakumtibu marehemu. Akiridhika, karatasi zinatumwa moja kwa moja kwa msajili, na kuanzia hapo mna siku 5 za kwenda kusajili. Scotland wana taratibu zao. Kifo kikiwa cha ghafla, au sababu haijulikani, faili linakwenda kwa koroneri, na hapo hakuna wa kukuahidi tarehe.

Kwa msajili nendeni wawili, na mbebe pasipoti ya marehemu. Yule mama aliyetuhudumia aligeuza skrini ili tusome kabla hajachapa. Pasipoti ilikuwa na majina matatu, hospitali walikuwa na mawili, na jina la ukoo lilipungua herufi moja. Nilipitisha kidole herufi kwa herufi huku wifi yangu akitaja jina la mumewe polepole, kama anayemfundisha mtoto kusoma. Herufi ikarudishwa. Kosa likishachapwa, kulirekebisha ni safari ndefu, na jina lisilofanana na la pasipoti litawasumbua ubalozini na tena nyumbani kwenye mirathi. Nunueni nakala halisi za kutosha, kila moja ni pauni 12.50. Sisi tulichukua sita na zote zimetumika, kwa sababu benki nyingi hazipokei fotokopi.

Msajili hutoa pia fomu ya kijani. Nilipoipata nilidhani tumemaliza. Kumbe ile ni ya kuzika au kuchoma mwili hukuhuku. Mwili ukitolewa nje ya England na Wales, hata kama mtu amekufa kwa ugonjwa unaojulikana, lazima koroneri apewe taarifa na atoe kibali, na fomu ile ya kijani inarudishwa kwake. Anaweza kuchukua siku 4 kamili. Weka wikiendi hapo katikati, uone Jumamosi yangu ilivyoondoka.

Kampuni ya mazishi ndiyo hushughulikia mengine: dawa ya kuhifadhi mwili na cheti chake, barua kwamba hakuna maambukizi, jeneza lenye bati la zinki ndani, nafasi kwenye ndege. Wapeni mapema jina na simu ya atakayepokea KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kwa maana marehemu husafiri upande wa mizigo, si pamoja nanyi.

Pesa. Benki ikijulishwa, akaunti ya marehemu hufungwa, lakini mara nyingi watakubali kulipa ankara ya mazishi kutoka humo, wakiilipa kampuni moja kwa moja. Ulizeni hilo kabla ya kukopa. Kadi yake isiguswe na mtu, hata kwa nia njema. Rambirambi ziingie akaunti ya watu wawili, na mweka hazina abandike hesabu kwenye kundi kila jioni. Fitina za misiba huanzia kwenye hesabu iliyochelewa.

Na mjane aangalie viza yake kabla ya kupanda ndege. Aliyekuja kwa viza ya mwenza raia au mkaazi wa kudumu anaweza kuomba ukaazi kama mfiwa, na hapo aonane na mwanasheria wa uhamiaji.

Alhamisi nilimpigia baba mkubwa kumwambia Jumamosi haiwezekani. Alinyamaza muda mrefu. Nyuma yake nilisikia wanaume wakishusha viti.

Jumanne iliyofuata kibali kikatoka, ndege ikapatikana, nikapiga tena.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sasa hii tarehe ni yako au ni yao?"

"Ni yao, baba. Karatasi ninayo mkononi."

"Isome."

Nikaisoma yote, Kiingereza kisha Kiswahili, mpaka sahihi.

"Haya," akasema. "Sasa nitawaambia watu."